Uzi: Dodge Dart ya 1964 ya vitufe ilikataa rivasi. Kabla ya kushusha gia boksi, kagua kebo

FundiSpana

Wakuu, habari za siku. Nimepotea humu karibu mwezi mzima kwa ajili ya gari moja. Jana limetoka gereji likitembea lenyewe, kwa hiyo naleta uzi wake. Ni mrefu. Mwenye haraka aondoke na hili moja: gari la Chrysler la vitufe likikataa gia, anza na kebo. Gia boksi iache mahali pake kwanza.

Gari ni Dodge Dart ya 1964, Dodge nayo ni ya Chrysler, injini ya silinda sita iliyoegemezwa upande, ile ya inchi za ujazo 225, yaani kama lita 3.7. Niko hapa Columbus, Ohio, na magari haya bado yapo barabarani, wazee wanayatunza kama mboni ya jicho. Kwa ambao hawajawahi kuyaona: hakuna mkono wa gia, si chini wala kwenye usukani. Kushoto kwa usukani kuna vitufe vitano: R ya rivasi, N ya nyutro, D ya kwenda mbele, na 2 na 1 za gia za chini. Ukibonyeza kimoja kinazama, na kilichokuwa kimezama kinaruka nje. Pembeni kuna kimkono kidogo cha kutelezesha, hicho ni cha Park, cha kulifunga gari likiegeshwa. Chrysler waliviweka kwenye magari ya mwaka 1956, wakati huo vilikuwa vinne tu kwa sababu gia boksi ya PowerFlite ilikuwa na gia mbili. Baadaye ikaja TorqueFlite ya gia tatu. Vitufe vikadumu hadi magari ya 1964. Ya 1965 yakatoka na mkono wa kawaida.

Mwenye gari ni mama mmoja mtu mzima. Gari lilikuwa la marehemu mumewe, naye halifichi, analiendesha sokoni na kanisani. Shida yake: rivasi ilikuwa inaingia asubuhi, lakini gari likishapata moto inakataa. Unabonyeza R, kitufe kinazama vizuri, taa za rivasi nyuma zinawaka, unakanyaga mafuta, injini inalia na gari limesimama pale pale. Alikuwa amefikia hatua ya kuegesha kwa kupita mbele kwa mbele tu, na siku akibanwa anaomba watu wamsukume.

Kabla ya kuja kwangu alipita gereji moja, siitaji. Walimwambia gia boksi imekufa, klachi za ndani zimeisha, kuifumua na kuisuka upya ni dola elfu tatu na ushei. Mama akakunja karatasi ya makadirio akaitia kwenye pochi, akaja nayo kwangu. Nilipoisoma nikaona sababu waliyoandika: taa za rivasi zinawaka, kwa hiyo gia imechaguliwa, kwa hiyo tatizo liko ndani.

Hapo ndipo walipoteleza, na ndiyo sababu kubwa ya mimi kuandika. Kwenye gari hili swichi ya taa za rivasi iko kwenye vitufe vyenyewe, kwenye dashibodi. Taa zikiwaka maana yake ni moja tu: kidole chako kimefika. Kama amri yako imefika kwenye gia boksi, taa haiwezi kukuambia.

Naendelea chini, naomba dakika chache nipakie simu chaji.

Mwanakwerekwe_1

Nimeketi mkuu. Lakini swali la mtu asiyejua: si ni umeme? Kitufe kikibonyezwa si kinatuma umeme kule?

FundiSpana

Mkuu, swali lako ndilo lenyewe. Karibu kila anayeyaona mara ya kwanza anadhani ni umeme, na akidhani hivyo anaanza kupima fyuzi na nyaya siku nzima.

Vitufe vya Chrysler havitumi umeme. Umeme pale ni balbu ya kumulika usiku na hiyo swichi ya taa za rivasi, basi. Nyuma ya kila kitufe kuna kipande cha chuma chenye mwinamo. Ukibonyeza, mwinamo unasukuma wenzo, na kila kitufe kinaupeleka wenzo umbali wake. Kwenye wenzo imefungwa kebo: waya mmoja mgumu wa chuma ndani ya ganda, kama waya wa breki ya baiskeli, ila huu unavuta na kusukuma pia. Kebo inapita kwenye ukuta wa injini, inashuka upande wa kushoto, inaingia ndani kabisa ya gia boksi, na huko inashika kiwiko kinachosogeza valvu ya kuchagulia gia. Kuanzia hapo kazi ni ya presha ya oili.

Kwa hiyo ukibonyeza D unasukuma valvu kwa nguvu ya kidole chako mwenyewe kupitia waya. Ni kitu rahisi mno, na kwa kweli ni kizuri. Mimi nimependa sana nilipokielewa.

Kwa kulinganisha, kina Packard mwaka 1956 na Edsel ya 1958 ndio waliotumia umeme, vitufe vinaamuru mota ndogo na mota ndiyo inageuza gia. Packard zilijulikana kwa ugonjwa mmoja: ukiegesha mlimani kwenye Park, uzito wote wa gari unalalia jino la kufungia, na mota haina nguvu ya kulichomoa. Edsel waliweka vitufe katikati ya usukani, mahali ambapo watu wamezoea honi. Vyote havikukaa. Vya Chrysler vilikaa miaka tisa ya matoleo kwa sababu ya huo waya.

Kijiti_Kavu

Shikamoo fundi. Kwa hiyo ulijuaje ni kebo na si klachi? Maana gari kukataa gia likipata moto, hata kwenye haya ya kwetu ya sasa, tunasema sili zimechoka, oili ikiwa nyepesi presha inapotea.

FundiSpana

Marahaba. Na umesema kweli, dalili hiyo ingeweza kabisa kuwa sili. Siwalaumu waliopita kwa kuwaza hivyo, nawalaumu kwa kutokagua.

Nilichowaza mimi ni hiki. Fikiria valvu ile inatembea kwenye mstari mmoja: R iko mwisho mmoja, inafuata N, D, 2, na 1 iko mwisho wa pili. Kebo ikichoka au ikikaa vibaya, zile za katikati zinavumilia, za mwisho ndizo zinaanza kukosa. Gari la mama lilikuwa na D safi, 2 safi, linabadili lenyewe bila kuteleza. Stata inapiga kwenye N. Inayoumwa ni ya mwisho wa mstari. Hiyo ilinitia shaka.

Nikapandisha gari, nikaweka stendi nne, injini imezimwa. Mpwa wangu yuko likizo ya shule, nikamkalisha kwenye kiti cha dereva nikamwambia abonyeze kimoja kimoja taratibu. Mimi chini nimeweka kiganja kwenye gia boksi pale kebo inapoingia. Valvu ile ina vituo vyake, springi inaangukia kwenye pengo kila gia, na unasikia kwa mkono kuliko kwa sikio: tk. N, tk. D, tk. 2, tk. 1, tk. R, kimya. Akarudia R. Kimya. Nikashika kile kiongozi cha kebo kwenye tundu la gia boksi nikakisukuma ndani kidogo kwa vidole, huku yeye ameshikilia R. Tk.

Milimita chache tu zilikuwa zinakosekana. Dola elfu tatu zote zilikuwa pale.

BintiTanga

Jamani nimesisimka mwili, na mimi si fundi. Endelea kaka.

FundiSpana

Sasa kurekebisha. Hii naiandika kwa urefu kwa sababu nimeona watu wakikisia, na kukisia hapa kunaua gia boksi nzima kweli: ukiiacha valvu katikati ya vituo viwili, presha inavuja, klachi zinashika nusu nusu na kuungua.

Ninayoeleza ni ya gia boksi za aluminiamu za 1962 hadi 1964. Zile za mwanzo zenye bodi ya chuma cha kumimina zina utaratibu wake, msichanganye.

Upande wa kushoto wa gia boksi, kebo inapoingia, kuna kigurudumu kidogo chenye matundu kuzunguka uso wake, kimefungwa kwenye uzi wa skrubu wa kebo. Kinazuiwa kisizunguke na bolti moja ndogo inayopita kwenye tundu mojawapo. Hicho ndicho kinachoamua kebo iingie kiasi gani.

Unatoa hiyo bolti. Msaidizi anabonyeza R na kushikilia, haachii mpaka umwambie. Unashika kiongozi cha kebo kikae katikati ya tundu lake, unakisukuma ndani kwa nguvu ndogo tu, kiasi cha kukalisha valvu kwenye kituo cha rivasi. Huku umeshikilia hivyo, zungusha kigurudumu kwa mwendo wa saa mpaka kiguse bodi ya gia boksi sawasawa, kiguse tu, usikikaze. Halafu kirudishe kinyume cha saa mpaka tundu la kwanza lilingane na tundu la bolti. Hilo hesabu moja. Endelea kurudisha: mbili, tatu, nne, tano. La tano likilingana, tia bolti, kaza kwa paundi-inchi 75, hiyo ni kama Nm 8 na nusu. Ni kidogo sana, bodi ni aluminiamu, ukitumia mabavu uzi wake unatoka na bolti.

Kwa nini tano na si kugusa tu? Kwa sababu inaiachia kebo nafasi ya kuvuka kidogo pande zote, R na 1 zote zikae ndani ya vituo vyake.

Mpwa wangu alishikilia R kama dakika kumi, kidole gumba kikawa cheupe. Nilihesabu matundu kwa sauti naye anaitikia kule juu. Tulipomaliza nikashusha gari, nikawasha, nikabonyeza R. Likarudi nyuma papo hapo, laini. Nikampigia mama.

Kamba_Mbili

Safi sana fundi, umemwokoa mama wa watu. Uzi umekwisha au?

FundiSpana

Haujaisha mkuu, na sehemu hii ndiyo iliyonifunza zaidi.

Siku ya tatu mama akapiga simu. R imekataa tena, gari liko moto, amekwama kwenye maegesho ya duka la dawa. Nilijisikia vibaya sana. Nilikuwa nimetibu dalili. Kebo iliyokaa sawa tangu kiwandani haisogei yenyewe milimita kadhaa, lazima kuna kitu kilichoisogeza, na mimi sikukitafuta.

Nikalipandisha tena, safari hii nikaifuata kebo kwa tochi kutoka ukuta wa injini hadi chini, inchi kwa inchi. Injini hii ya sita, kwa vile imeegemea upande wa abiria, manifoldi zake zote, ya kuingiza na ya kutoa, ziko upande wa dereva. Bomba la moshi linashuka upande ule ule ambao kebo inashuka. Waliounda gari walilijua hilo, wakaifunga kebo mbali na bomba kwa klipu.

Klipu haikuwepo. Bomba la moshi lilikuwa jipya, linang'aa kuliko kila kitu kilicho chini ya gari. Aliyelibadilisha alifungua klipu kupata nafasi na hakuirudisha. Kebo ikalegea, ikalalia bomba. Ganda lake la nje lilikuwa limeungua kwa urefu wa kama shubiri, limekuwa jeusi na linamumunyuka ukiligusa, na pale pale limejikunja kidogo kama goti. Kwenye baridi lilikuwa linajikaza vya kutosha kupitisha mwendo. Likipata moto linalegea, na ukisukuma R, badala ya waya kusonga ndani ya gia boksi, ganda lenyewe linajipinda na kuumeza ule mwendo. Vile vidole vyangu vilivyosikia tk siku ya kwanza vilikuwa vinafidia goti hilo.

Kwa hiyo dawa ilikuwa kebo mpya. Na klipu.

Mwanakwerekwe_1

Kebo ya gari la 1964 unaipata wapi leo?

FundiSpana

Hapa Marekani wapo watu wanaozitengeneza upya, unawapelekea ya zamani wanakufungia waya na ganda jipya kwenye vichwa vile vile vya mwanzo. Ushauri wangu: usinunue kwa kuangalia mwaka tu. Urefu unabadilika kwa aina ya gari na gia boksi, Dart yenye silinda sita si sawa na Dodge kubwa ya V8. Kebo ndefu kuliko inavyotakiwa itabidi uipinde mahali, na kila pindo kali linakula mwendo. Mimi nilituma ile ya mama, ikarudi baada ya wiki mbili. Ndiyo maana mwezi umekatika.

Kuichomoa kwenye gia boksi ndiko kunakowashinda wengi, nimeshaona kebo zilizokatwa kwa msumeno kwa hasira. Huhitaji kushusha sampo, ile trei ya oili chini ya gia boksi. Fanya hivi. Mwaga oili kama lita mbili kwanza, maana unakwenda kufungua tundu lililo chini ya usawa wake. Toa ile bolti ndogo ya kigurudumu, kilegeze kigurudumu mizunguko michache. Kisha fungua swichi ya nyutro, iko kushoto kwenye bodi ya gia boksi, ina mguu mmoja wa waya. Ile inayozuia stata isipige ukiwa kwenye gia.

Tundu la swichi hiyo ndilo dirisha lako. Ukimulika ndani utaona kiwiko cha valvu, na kwenye kiwiko kuna kishikizo kinachopokea ncha ya kebo. Kishikizo kina springi ndogo ya kufunga, imechomoza kiulimi. Ingiza bisibisi nyembamba kupitia tundu la swichi, sukuma kiulimi taratibu, na kwa mkono wa pili vuta kebo nje. Usisukume kwa nguvu. Utahisi kiulimi kinapinda, kisha kebo inateleza yenyewe kwa uzito mdogo sana, kama kuchomoa ufunguo mlangoni. Kama inagoma, bado hujagusa kiulimi, ondoa bisibisi uanze upya. Ukikivunja, hapo sasa ndipo utakaposhusha sampo kweli.

Ya kurudishia ni rahisi zaidi, unaisukuma mpaka kiulimi kiishike, halafu unaivuta kidogo kuhakikisha imeshika. Msiruke hatua hiyo ya kuvuta. Kebo ambayo haijashika itakupa vitufe vilegevu ajabu, vinazama bila upinzani wowote, na gari halifanyi kitu.

Nahodha_Muscat

Assalam alaikum ndugu. Nipo Muscat, nafuatilia uzi tangu mwanzo. Kwenye vitufe vyenyewe hukufanya kitu? Jamaa yangu ana Plymouth ya 1962, nayo ya Chrysler, vitufe vyake vigumu mpaka anabonyeza kwa ngumi.

FundiSpana

Wa alaikum salaam ndugu yangu. Mwambie jamaa aache ngumi leo leo. Vitufe vile ni plastiki ya zaidi ya miaka 60, na vyuma vya nyuma vyembamba. Watu wanavunja kitufe halafu wanasema kitufe kibovu, kumbe kilikuwa kinajaribu kusema kebo imekauka.

Ajue kwanza ugumu uko wapi. Afungue kebo upande wa dashibodi, pale inaposhikana na wenzo. Halafu abonyeze vitufe vikiwa peke yake. Vikiwa vyepesi, ugumu uko kwenye kebo au gia boksi. Vikibaki vigumu, ni grisi ya kiwandani iliyogeuka nta kati ya vile vyuma.

Vya mama vilikuwa na hiyo nta. Nilitoa kisanduku chote cha vitufe nje, nikakiweka kwenye trei, nikaosha kwa mafuta ya taa na mswaki mpaka maji meusi yakaisha, nikakausha, nikapaka grisi nyeupe nyepesi kwenye miinamo tu. Plastiki nilifuta kwa maji na sabuni, kwa sababu vimumunyisho vikali vinafuta herufi. Baada ya hapo nilibonyeza D kwa kidole kidogo.

Kebo kuukuu ambayo bado nzima, mimi naining'iniza wima usiku kucha na kudondoshea ATF juu, ile oili nyekundu ya gia boksi za otomatiki, mpaka nyekundu itokee chini. Huwa inasaidia. Lakini ikiwa ganda limejikunja au limeungua, hakuna oili itakayoiponya.

Ras_Ngong

Mambo, fundi. Nairobi hapa. Kila mwaka naenda kuona magari ya zamani kwenye Concours d'Elegance pale Ngong, lakini hili la vitufe sijawahi kuliona kwa macho. Yalikuwepo ya usukani wa kulia?

FundiSpana

Poa sana. Yalikuwepo. Chrysler wa Australia walianza kuunda Valiant, ndugu wa damu wa Dart hii, mwaka 1962, usukani kulia, na za otomatiki zilikuja na vitufe. Ukiona moja popote, muombe mwenyewe ubonyeze. Sauti yake haisahauliki.

Kijiti_Kavu

Fundi, kuna kitu kinanisumbua. Kitufe cha R kiko pale karibu na D. Mtu akikosea akabonyeza R yuko mwendo kasi barabara kuu?

FundiSpana

Waliliwazia. Ndani kuna valvu inayosikiliza presha ya kasi, ukibonyeza R ukiwa unakimbia mbele, gia boksi inakwenda nyutro badala ya rivasi. Lakini usijaribu kwa makusudi, ni gari la watu.

Na kwa vile umegusa ya ndani, niseme na hili. Baada ya kebo, kuna fimbo nyingine inayotoka kwenye kabureta kwenda gia boksi, inaiambia umekanyaga mafuta kiasi gani. Gari likichelewa kubadili gia au likibadili kwa kugonga, hiyo ndiyo ya kuangalia, vitufe havihusiki. Nimeona mtu amehangaika na kigurudumu cha kebo wiki nzima akitafuta kurekebisha gia ya pili inayochelewa, mwisho akaharibu na R iliyokuwa nzima.

Fundi_Mstaafu_Arusha

Vijana, mimi ni mzee wenu, nimeshika spana tangu ujana. Nimesoma yote. Swali moja kwako FundiSpana: ulihakikisha vipi mwishoni? Maana siku ya kwanza pia lilirudi nyuma.

FundiSpana

Shikamoo mzee wangu. Asante kwa swali, ndilo nililojiuliza usiku ule wa duka la dawa.

Safari hii sikumpigia mama baada ya kubonyeza R mara moja. Kwanza stata: nilijaribu kwenye kila kitufe, ikapiga kwenye N peke yake, kwingine kimya. Hicho ni kipimo kizuri, kwa sababu ile swichi inasoma kiwiko cha ndani na haijali kidole kiko wapi. Kama N inasita kupiga stata, kebo bado haijakaa. Pili kimkono cha Park, kina kebo yake ya pekee: nililiweka gari kwenye kilima cha nyuma ya gereji, nikashusha kimkono, nikaachia breki. Likashika. Tatu oili, nilijaza taratibu, nikapima injini ikiwa inanguruma, gari moto, kitufe kwenye N.

Halafu nikaliendesha saa moja na nusu. Nilikwenda na kurudi barabara kuu mpaka kila kitu kichemke, nikarudi uwanjani, nikabonyeza R mara ishirini, D na R kwa kupokezana, gari limesimama kabisa kila mara. Zote ishirini likaondoka. Nikaliacha linguruma robo saa bonneti imefungwa, joto lote lijae pale kebo inapopita, nikarudia. Kisha nikalala chini na tochi kuangalia kebo iko umbali gani na bomba la moshi. Vidole vinne vinapita.

Fundi_Mstaafu_Arusha

Marahaba mwanangu. Hapo nimekuelewa. Mungu akuzidishie.

BintiTanga

Na mama alisemaje?

FundiSpana

Alikuja jana jioni na dada yake. Aliingia, akakaa kidogo ameshika usukani bila kusema, kisha akabonyeza R kwa kidole cha shahada, taratibu, akiwa ameinamisha kichwa anasikiliza. Likasikika tk. Akatoka kinyumenyume kutoka gereji mpaka barabarani bila kusimama, na alikuwa anacheka. Ile karatasi ya dola elfu tatu aliniachia mezani.

Kamba_Mbili

Mkuu, na ile klipu uliitoa wapi? Au uliifunga kwa waya tu?

FundiSpana

Waya unakatika, na plastiki inayeyuka pale. Nilikata ukanda wa chuma laini upana wa sentimita moja na nusu, nikaukunja kuzunguka bomba dogo kupata duara la kebo, nikatoboa tundu moja na kuufunga kwenye tundu lile lile la bolti la kiwandani, bado lipo kwenye bodi. Ndani ya duara nikavisha kipande cha mpira unaovumilia joto ili ganda lisisuguliwe. Isikaze kebo, iishike tu. Ukiweza kuizungusha kwa vidole ndani ya klipu, iko sawa.